Tisa Iliyoteremka

Juzi mdogo wetu mmoja anayesoma shahada ya afya hapa Johannesburg alinitumia sura ya tasnifu yake niipitie kabla hajaiwasilisha. Nikafika kwenye jedwali la vipimo vya damu, nikasoma: chembe sahani 250 x 109 kwa lita. Nikampigia simu.

"Huyu mgonjwa wako yu hai kweli?"

"Dada, mbona nimenakili vilevile kutoka kwenye PDF!"

Kumbe ilikuwa 10⁹, kumi kwa kipeo cha tisa, yaani chembe bilioni 250, kiwango cha mtu mwenye afya. Aliponakili na kubandika, ile tisa ndogo ya juu ikateremka, ikajipanga na wenzake. Ukizidisha kama ilivyokaa unapata elfu 27 na ushei. Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, maana 109 nayo ni namba.

Neno likipoteza italiki bado linasomeka. Hesabu sivyo: mahali tarakimu ilipokaa ni sehemu ya maana yake. Mwaka 1977, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake. Hakupendezwa hata kidogo na jinsi zilivyopangwa, akaamua kuunda programu yake mwenyewe, TeX. Humo kipeo hukichori. Unaandika 10^9, yenyewe inaipandisha tisa. LaTeX, ambayo wanafunzi wengi wa hisabati na fizikia wanaijua, imejengwa juu ya TeX, na zote mbili ni za bure.

Wenye Word ya Windows, bonyezeni Alt pamoja na alama ya =, andikeni 10^9 kisha nafasi. Kwenye WhatsApp iacheni hiyo kofia ^ ionekane. Haipendezi, lakini haidanganyi.

Wazazi mliohamia huku nanyi mna lenu. Shule za Afrika Kusini huandika desimali kwa koma, 0,5, si 0.5 tuliyoizoea nyumbani. Mtoto hajakosea, mwelezeni tu. Ila kwenye Excel, ukichanganya koma na nukta, programu inaweza kuichukua namba kama maneno na kuiacha nje ya jumla, kimya kimya.

Mdogo wangu alikesha akikagua sura nzima. Alikuta vipeo 14 vilivyoshuka, na vitatu vilikuwa kwenye kurasa ambazo mimi nilikwisha kuzipitisha.