Jengo la Songwe lipimwe Julai, lipimwe tena Oktoba

Katikati ya Oktoba jua hupita utosini mwa Tunduma, mkoani Songwe. Adhuhuri kivuli cha mtu hujikusanya miguuni, mvua za Novemba bado hazijafika, na ofisi yenye bati bila dari huwa tanuri. Miezi mitatu nyuma mji huohuo ulikuwa umejikunyata. Upepo wa Juni na Julai hupenya makoti ya madereva wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na karani wa dirishani huhudumia wateja akiwa na sweta mbili.

Jengo ni lilelile, lakini hujaribiwa siku moja tu, siku ya makabidhiano. Fundi anawasha kiyoyozi, kinapuliza ubaridi, taa zinawaka, maji yanatoka bombani, saini zinawekwa. Ikiwa siku hiyo ilikuwa ya Aprili, hakuna aliyeona jengo litakavyokuwa Julai wala Oktoba.

Hapo ndipo pa kurekebisha. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na majengo yake mengi ya umma bado ni mapya. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019. Mkoa mchanga namna hii una nafasi ya kujiwekea utaratibu wake: jengo la umma lisihesabiwe limepokelewa kikamilifu hadi lipite baridi ya Julai na joto la Oktoba, watu wakiwa ndani wanalitumia.

Wazo lenyewe si jipya. BREEAM, mfumo wa Uingereza wa kupima majengo rafiki kwa mazingira ulioanza mwaka 1990, unatambua upimaji wa majira katika mwaka wa kwanza wa matumizi. Mitambo ya kupasha joto hujaribiwa katikati ya majira ya baridi, ya kupoza katikati ya majira ya joto. Kwa majengo yenye mifumo rahisi, mtaalamu hufuatilia hali ya watumiaji baada ya miezi 3, 6 na 9.

Atatokea wa kusema hayo ni mambo ya Ulaya. Basi na aanze na viyoyozi vya hapa hapa. Baadhi vinaweza pia kupasha joto, na alama yake kwenye rimoti ni picha ya jua. Vingine vinapoza tu. Tofauti hiyo hujulikana asubuhi ya kwanza ya Julai, wakati fundi alishaondoka zamani. Tena kuna hita za maji zinazotumia jua. Mwezi Juni jua la adhuhuri la Tunduma huwa upande wa kaskazini, nyuzi 57 hivi kutoka upeo wa macho. Paneli iliyoinamishwa kusini kwa kuwa paa lilielekea huko itachemsha maji vizuri Desemba, kisha itoe vuguvugu mwezi ambao watu wanayahitaji zaidi.

Hata jengo lisilotegemea kiyoyozi lina tabia yake. Eastgate, jengo la biashara lililokamilika Harare mwaka 1996 kwa michoro ya Mick Pearce, hupitisha hewa baridi ya usiku kwenye zege lake, na zege hilo ndilo linalopoza ofisi mchana. Harare iko juu kama Tunduma, na usiku wake hupoa vivyo hivyo. Tofali la kuchoma nalo hushika joto na baridi. Lakini nani afungue madirisha, saa ngapi, na mwezi gani? Hilo halimo kwenye michoro. Hujulikana kwa kulikaa jengo na kulipima.

Panapouma zaidi ni wodi ya wazazi. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi joto 25 hadi 28, kwa sababu mtoto mchanga, angali na majimaji kwenye ngozi, hupoteza joto upesi sana. Usiku wa Julai katika wilaya za Ileje au Mbozi, nyuzi hizo hazipatikani kwa kufunga mlango peke yake. Na baridi ikizidi, jiko la mkaa halichelewi kuingizwa chumbani, milango ikafungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Bondeni Kamsamba, kuelekea Ziwa Rukwa, mambo hugeuka: joto ndilo adui, na kinachotakiwa kupimwa ni feni na njia za upepo. Mchoro mmoja wa kituo cha afya hauwezi kutosha kote kuwili bila marekebisho.

Gharama ya upimaji huo wa Julai na Oktoba ni kipimajoto ukutani, daftari, na mtu wa kuandika asubuhi, mchana na usiku kwa wiki moja ya kila mwezi. Kipindi cha matazamio, ambamo mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro na ambacho kwa miradi mingi ni miezi 12, huikuta miezi yote miwili. Tatizo ni kwamba ukaguzi wa mwisho hutafuta nyufa na paa linalovuja, na joto la chumba haliulizwi. Jengo linalokabidhiwa Vwawa, makao makuu ya mkoa, mwezi Mei litakutana na baridi yake ya kwanza wiki chache baadaye, wakati sehemu ya fedha za mkandarasi ingali imezuiliwa na mhandisi wa halmashauri bado anaweza kumwita arudi.