Bando Liliisha Kabla ya Somo

Wanafunzi wenzangu, nina dukuduku. Likizo iliyopita nilijaribu kujifunza Spring Boot kwenye tarakilishi ya kaka, hapa Lucky Summer. Siku ya kwanza Maven ilivuta maktaba zake hadi bando likaisha, nami sijaandika hata mstari mmoja! Siku ya pili, maandishi mekundu matupu. Kaka akacheka: "Wachana na hiyo, ni ya watu wa chuo." Nusura nimwamini. Kumbe tulikuwa na Java 8, ilhali Spring Boot 3, iliyotoka mwaka 2022, hutaka Java 17 kwenda juu. Hata nilipoiweka, JAVA_HOME bado ilielekeza kwa ile kuukuu.

Kwa maoni yangu, wengi huachia hapo na kujiita wajinga bure. Walimu wetu wapendwa, chama cha kompyuta kiwe na flashi yenye Java 17 na folda ya .m2, ambamo Maven huhifadhi maktaba ilizokwisha kuvuta. Mtu akiinakili nyumbani, kisha aongeze -o kwenye amri ya Maven, haitatafuta intaneti kwa maktaba zilizomo. Yangu nitaileta. Tafadhali msinirudishie na virusi.