Mwacheni Mdada wa Charleston Atupie Madimbwi Yake

Kuna mdada mmoja wa Kibongo, jina kapuni, anaishi Charleston, South Carolina, kule kusini mwa Marekani kwenye pwani ya Atlantiki. Kila siku iendayo kwa Mungu anatupia picha moja mtandaoni. Moja tu, ya simu, haijapakwa rangi wala kuremba. Leo kituo cha basi, kesho mbwa wa jirani amelala barazani, keshokutwa sahani ya kamba na ule uji mzito wa mahindi wanaouita grits. Na mara nyingi, kupita wanavyopenda baadhi ya watu, ni maji. Maji barabarani, maji mlangoni kwa duka, mtu kavua viatu kavishika mkononi anavuka.

Basi maneno yakaanza. Mbona haonyeshi maghorofa? Mbona hapigi yeye mwenyewe kapendeza? Mmoja akasema madimbwi hata Jangwani yapo, hakuna haja ya kupanda ndege kuyafuata. Mwingine akamaliza kabisa: huyo maisha yamempiga. Ikafika mpaka shangazi yake akapiga simu kumwomba afute, maana ukoo umeanza kunong'ona kwamba mtoto kaenda Marekani kulala kwenye maji.

Jamani. Picha nzuri za Charleston zimejaa dunia nzima. Kuna ule mstari wa nyumba 13 za rangi ya waridi, njano na buluu pale East Bay Street, wenyewe wanauita Rainbow Row. Kila mtalii anayeshuka lazima asimame pale, akunje shingo, acheke. Kuna daraja la Ravenel lililofunguliwa mwaka 2005, nyaya zake zimetandazwa kama tanga la jahazi. Picha ya elfu ngapi ya daraja hilo inasubiriwa kutoka kwa huyu mdada? Halafu hata hizo nyumba 13 zilikuwa zimechakaa, mpaka mwaka 1931 mama mmoja alipoanza kuzikarabati na kupaka rangi ya waridi. Kwa hiyo hata huo uzuri wa kadi una umri wake.

Maji ndiyo habari ya mji ule. Charleston ya zamani imekaa kwenye rasi kati ya mito miwili, Ashley na Cooper, na mitaa mingi imejengwa juu ya vijito vilivyofukiwa na watu. Mtu wa Tanga au Lamu haitaji kuelezwa bamvua ni nini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapanda. Sasa kule ikipanda sana inarudi kwa kupitia mitaro ile ile iliyochimbwa kutoa maji ya mvua, inachomoza katikati ya barabara jua likiwaka, mbingu haina hata wingu. Mwaka 2019 bahari ilifika kiwango cha mafuriko mara 89. Mara 89 katika mwaka mmoja! Hayo si majanga ya kutangazwa usiku kwenye taarifa ya habari, hayo ni maisha. Watu wanaangalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuangalia saa ya kwenda kazini.

Na hapo ndipo picha zake zilipomwokoa. Mdada analea wazee, zamu zake zinaanza alfajiri. Asubuhi moja alipita kwenye maji akidhani ni dimbwi la kawaida, kumbe bahari. Maji ya chumvi hayana urafiki na chuma. Breki zikaanza kulia, chini ya gari kukaliwa na kutu, na fundi akamtajia bei ya kulaza mtu. Mwezi ule hela ya ada ya mdogo wake haikufika. Nyumbani wakasema kanogewa, kawasahau. Angekuwa ametupia picha za Rainbow Row mwaka mzima, nani angemwamini? Lakini mtaa ule walikwisha kuuona, na maji yale walikwisha kuyaona kwa mwezi mzima, tena yeye mwenyewe hakuwa na shida wakati huo. Shangazi yule yule ndiye aliyewanyamazisha ndugu. Anayesema zile picha hazina faida akamuulize shangazi.

Ila pale alipokosea aambiwe. Siku moja alipiga picha ya bibi mmoja anayeuza vikapu kwenye kona ya Meeting na Broad, uso wote unaonekana, akaandika kwamba hata Marekani kuna bibi kama wa kijijini kwetu. Hakusalimia wala hakuomba. Hivi Kariakoo angethubutu kumwelekezea mama muuza vitunguu simu usoni bila hata shikamoo? Angeshushuliwa soko zima likasikia.

Tena vile si vikapu vya kupigia picha na kupita. Wale ni Wagullah Geechee, wajukuu wa Waafrika walioshushwa pwani ile wakiwa watumwa, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, wakalimishwa mpunga. Kwa vikapu vya namna ile walipepeta mchele wa mabwana zao. Nyasi zinafungwa kitita, kitita kinazungushwa, kinashonwa kwa ukanda wa jani la palmetto, na sindano yenyewe mara nyingi ni mpini wa kijiko uliochongwa. Kikubwa kimoja ni kazi ya wiki nyingi. Nyasi zenyewe sasa ni za kutafutwa, kwani kando ya bahari zilikokuwa zikiota pamejengwa nyumba za wenye hela na viwanja vya gofu. Halafu kutwa nzima watu wanapiga picha, wanashangaa bei, wanaondoka.

Mdada aliambiwa na mfanyakazi mwenzake, mzaliwa wa pale, akaifuta picha kimya kimya. Kufuta ni rahisi. Kona ya Meeting na Broad haijahama, na bibi yupo pale pale. Kinachotakiwa ni kurudi, kusalimia, na kama mfuko unaruhusu kununua hata kile kidogo kabisa. Mpaka sasa hajarudi, au kama karudi hajasema.

Picha ya juzi ilikuwa benchi la kituo cha basi, limelowa, na chini yake mfuko wa nailoni wenye mabuti ya mpira. Wa kwanza kuandika chini yake alikuwa shangazi: "Mwanangu, hayo mabuti ni saizi yako kweli?"