Tamasha la Hisani na Sado ya Maharage

Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, msimu umefika. Mahindi yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, baridi ya Mufindi na ya milima ya Uporoto imeanza kulegea, na kadi za mialiko zimeanza kutufikia. Kwaya hii inatafuta kinanda, kigango kile kinatafuta bati za kuezekea, na parokia jirani inaandaa tamasha la kuwachangia watoto yatima. Kuanzia Mbalizi na Uyole hadi Makambako, Mafinga na Ilula, ni nadra Dominika ipite bila gari lenye spika kuzunguka mitaani likitangaza tamasha. Wiki hii tumeona vema tulitafakari jambo hili pamoja, kwa sababu linatuhusu sote, na kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kulikosea.

Tuseme kwanza lililo jema. Kumwimbia Mungu ili mhitaji apate msaada ni tendo la heshima, na watu wa Nyanda za Juu Kusini wanajua vizuri sababu yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-2008 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulijumuisha pia Njombe, asilimia 15.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, karibu mara tatu ya wastani wa nchi. Nyuma ya tarakimu hiyo zilikuwapo nyumba nyingi alimobaki bibi na wajukuu tu. Hospitali za Kanisa nazo, ikiwa ni Tosamaganga upande wa Iringa, Igogwe kule Rungwe au Mwambani kule Mkwajuni, haziendeshwi kwa sala peke yake. Zinahitaji mashuka, dawa na mishahara. Kwaya zetu hazina fedha, lakini zina sauti. Anayetoa sauti yake baada ya kutwa nzima shambani, akatembea gizani kwenda mazoezini, ametoa sadaka ya kweli.

Wala desturi hii haikuanzia kwetu. Tarehe 13 Aprili 1742, mtunzi Handel alitoa kwa mara ya kwanza utenzi wake mkuu uitwao Masiha katika mji wa Dublin, Ireland, kwa ajili ya hospitali mbili na ya watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Waandaaji waliwaomba akina mama waje bila magauni yenye matao mapana, na akina baba waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi ukumbini. Inasimuliwa kwamba fedha za siku ile ziliwatoa gerezani wafungwa 142. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1768 hadi 1912 palikuwa na tamasha kubwa la muziki kwa faida ya Hospitali Kuu ya mji. Ndipo Mendelssohn alipoutoa utenzi wake wa Elia kwa mara ya kwanza, tarehe 26 Agosti 1846. Na katika miji mitatu ya Gloucester, Worcester na Hereford, kwaya za makanisa makuu ya Kianglikana zilikutana kila mwaka kwa zamu, na makusanyo yakawasaidia wajane na yatima wa makasisi maskini.

Lakini huko nako neema ilikuja na kishawishi chake. Kadiri karne ya kumi na tisa ilivyoendelea, ndivyo tamasha la miji ile mitatu lilivyozidi kuwa la wenye uwezo. Tiketi ziliuzwa ili watu waingie kanisani, na viti vizuri vikawa vya walionacho. Mwaka 1875 wakuu wa kanisa la Worcester walikataa. Waliruhusu ibada za kuimba tu, bila tiketi na bila okestra. Wengi walichukizwa, wakaliita tamasha la mwaka ule tamasha la mzaha, na desturi ya zamani ilirudi miaka mitatu baadaye. Hatusemi kwamba wakuu wale walikuwa na hekima yote. Tunasema kwamba waliuliza swali ambalo sisi hatujathubutu kuliuliza kwa sauti: tunapoimba kwa ajili ya maskini, maskini mwenyewe anaketi wapi?

Turuhusuni tuwasimulie yaliyotupata. Miaka michache iliyopita tulifanya tamasha katika ukumbi wa parokia yetu kwa ajili ya kituo kimoja cha watoto yatima. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000, na viti vya mbele, vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, vilikuwa vya wageni maalumu. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wametangulia mbele ya haki, alifika mlangoni akiwa na sado moja ya maharage. Aliombwa kiingilio. Hakuwa nacho. Hakugombana na mtu. Alikabidhi maharage yake, akaenda kuketi juu ya rundo la matofali chini ya dirisha, akasikiliza nyimbo akiwa nje.

Ndani, mshereheshaji alikuwa akisoma bahasha. Alianza na mgeni rasmi, akafuata wenye laki na kuendelea, na kila kiasi kilipotajwa watu walipiga makofi na kinanda kikajibu. Watoto wa kituo walikuwa wamepangwa jukwaani tangu saa nane mchana, nao walitakiwa kuimba ubeti wa shukrani kila ahadi kubwa ilipotolewa. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, mdogo kuliko wote alikuwa amelala akiwa amesimama, ameegemea bega la mwenzake. Sado ya maharage haikusomwa. Orodha ilikuwa ndefu, muda ulikuwa umekwisha, na chakula cha wageni kilikuwa kinapoa.

Juma lililofuata tulipiga hesabu. Tulipokwisha kulipia vyombo vya muziki, jukwaa, maturubai na chakula, kilichobaki hakikufika nusu ya makusanyo. Ahadi kubwa kuliko zote, ile iliyopigiwa makofi marefu, haikulipwa hadi leo. Hatumlaumu aliyeahidi, maana ni sisi tuliomsimamisha mahali ambapo ilikuwa aibu kwake kutaja kiasi kidogo alichokuwa nacho kweli.

Ndugu wapendwa, Mwinjili Marko (12:41-44) anatuonyesha Bwana wetu akiwa ameketi kuelekea sanduku la hazina ya Hekalu, akiwatazama watu wanavyotoa. Matajiri walitia vingi, na mjane maskini akatia senti mbili. Tuangalie kwamba Yesu hakuwakemea matajiri wale wala hakuzikataa fedha zao. Aliwaita wanafunzi wake, akawafundisha kuhesabu upya. Siku ile sisi tulihesabu kwa namna ya zamani. Tulijua vema onyo lake katika Injili ya Mathayo (6:1-4) juu ya wanaopigiwa panda mbele wanapotoa sadaka, lakini tulikuwa na kipaza sauti, na kipaza sauti husikika mbali kuliko panda.

Kanisa halikutuacha bila mwongozo. Tarehe 5 Novemba 1987 Idara ya Ibada ya Mungu ya Vatikano ilitoa barua juu ya matamasha ya muziki makanisani. Inaagiza kwamba ruhusa ya Askofu iombwe kwa maandishi, kwamba Ekaristi Takatifu ihifadhiwe mahali pengine penye heshima inapowezekana, na kwamba kuingia kuwe bure na wazi kwa watu wote. Atasema mtu kwamba ukumbi wa parokia si kanisa, na barua hiyo haiufungi. Ni kweli. Lakini sababu ya agizo lile haibaki mlangoni mwa kanisa. Nyumba ya Mungu haina kiingilio kwa kuwa Mungu mwenyewe hana kiingilio, na jambo linalofanywa kwa jina lake kwa ajili ya maskini haliwezi kumweka maskini juu ya matofali.

Tunajua mtakavyotujibu, maana viongozi wa Halmashauri ya Walei wametujibu hivyo mara nyingi: Baba, bila mgeni rasmi hakuna fedha, na bila kusoma majina watu hawachangamki. Hoja hii ina ukweli, nasi hatuidharau. Watoto hawali nia njema. Bahasha moja ya mgeni rasmi imewahi kuzidi makusanyo ya jumuiya kumi, na wapo wenye mali wanaotoa kwa moyo safi kabisa, ambao tunawashukuru.

Hata hivyo, tuitazame gharama ya fedha hiyo. Mgeni rasmi mara nyingi ni mtu anayetafuta kitu, na katika majira ya uchaguzi anatafuta kura. Taifa letu lenyewe liliwahi kuliona tatizo hili: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kwa majirani zetu wa Kenya, mnamo Novemba 2024, Rais alichanga katika kanisa katoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, shilingi za Kenya milioni 2 kwa nyumba ya mapadre, na 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto wa utoto mtakatifu wa parokia. Tarehe 18 ya mwezi huo Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, ili Kanisa lisitumiwe kwa malengo ya kisiasa. Kwaya ile bila shaka ilikuwa na mahitaji kama kwaya zetu. Mchungaji wao aliona kwamba upo uhitaji ulio mkubwa kuliko sare mpya, nao ni uhuru wa kusema kweli bila kukumbushwa nani alinunua kinanda.

Basi tunapendekeza nini? Hatutaki matamasha yakome. Tunataka yarudi kwa wenyewe. Kwanza, mlango uwe wazi kwa kila mtu, na kapu liwekwe pa kutokea, ili kila mmoja atoe baada ya kuguswa. Pili, kiasi kisisomwe. Majina yote yasomwe kwa orodha moja, mwenye hundi na mwenye kuku, bila tarakimu. Kutuza waimbaji ni furaha yetu ya asili, wala hatuna haja ya kuifuta. Tucheze wote pamoja kwenda mbele, kama tunavyokwenda kutoa sadaka kila Dominika, ambapo hakuna anayejua jirani yake ametoa nini. Tatu, watoto wasipangwe jukwaani kama ushahidi wa shida. Wakipenda kuimba, waimbe wimbo wao kama kwaya nyingine, kisha waketi viti vya mbele na wale mapema. Nne, hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ndani ya majuma mawili: kilichokusanywa, kilichotumika, na kilichofika kwa walengwa. Tano, mgeni rasmi awe mtu anayeijua kazi yenyewe: muuguzi wa zamu ya usiku, mlezi wa kituo, au bibi mwenye wajukuu wanne.

Huenda tukikusanya kidogo mwaka wa kwanza. Tumelifikiri hilo, na tuko tayari kulibeba. Tusipokodi jukwaa kubwa wala kuwapikia wageni maalumu, kidogo hicho kinaweza kufika kwa watoto kikiwa kizima zaidi kuliko kile kikubwa kilichoishia njiani.

Baada ya tamasha lile tulikwenda nyumbani kwa yule bibi kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa vigoda, akatuambia kwamba nyimbo zilisikika vizuri dirishani na kwamba sauti za besi zilikuwa nzito mno. Juu ya kiingilio hakusema neno. Alituuliza jambo moja tu: je, watoto walikula yale maharage?

Tulitazamana. Kiasi cha kila bahasha tulikuwa nacho kwenye daftari, lakini hakuna aliyejua sado ile ilikwenda wapi.

Tamasha la parokia yetu litafanyika tena msimu huu, baada ya Misa ya pili, na hakutakuwa na kiingilio. Maharage, viazi na mahindi vitapokelewa mezani mbele, vitaandikwa majina ya waliovileta, na vitapelekwa kituoni jioni ileile. Karibuni nyote, nanyi mliozoea kuketi mbele karibuni pia; tutawaombeni mwaketishe watoto kwanza.