Hamamu ya Vals na Swali la Mwenye Maji

Wako watu, hata miongoni mwa wasomi, wanaodhani kwamba jengo huafikiana na mandhari ya asili pale tu linapoezekwa makuti au kupakwa rangi ya udongo. Kuta huwa za saruji, viyoyozi huunguruma mchana kutwa, maji machafu humwagwa kijitoni nyuma ya jiko, lakini kwa kuwa juu kuna makuti mgeni huambiwa kwamba yumo katika maumbile. Hayo ni mapambo. Atakaye kujua ujenzi unaoiheshimu ardhi ni upi, na atakaye kujua jinsi ujenzi huo unavyoweza kuwatoka mikononi wale waliouanzisha, hana budi kuitazama hamamu ya maji moto ya kijiji cha Vals, nchini Uswisi.

Vals ni kijiji cha watu wapatao elfu moja katika jimbo la Graubünden, ndani ya bonde jembamba la Milima ya Alps, mita zipatazo 1,250 juu ya usawa wa bahari. Chemchemi yake hutoa maji yenye joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Katika miaka ya 1960 ilijengwa hoteli kubwa hapo ili kuyafanyia biashara maji hayo. Biashara ikafilisika, na mwaka 1983 kijiji chenyewe kikainunua hoteli. Hilo si jambo dogo. Wakulima na wafugaji wa mlimani, ambao wangeweza kumngojea tajiri mwingine aje kuwaokoa, waliamua kuwa wenye mali. Kisha wakamwita Peter Zumthor, msanifu majengo aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo hilo hilo, mwana wa seremala ambaye naye alijifunza useremala kabla ya kujifunza kuchora majengo. Hamamu ilifunguliwa mwaka 1996.

Zumthor hakuagiza marumaru kutoka ng'ambo. Alichukua jiwe la Vals, jiwe gumu la kijivu liitwalo kwatzaiti, kutoka machimbo yaliyo juu kidogo ya bonde. Tangu zamani wanakijiji waliezekea nyumba zao mabamba ya jiwe hilo. Kwa hamamu yalikatwa mabamba yapatayo 60,000, yakapangwa moja juu ya jingine kwa usahihi mkubwa pamoja na zege, hata ukuta ukawa kama tabaka za mwamba wenyewe. Kazi ya kuchimba na kukata haikwenda mbali, ilikaa bondeni. Jengo limezamishwa nusu ndani ya mteremko, na juu ya paa pameoteshwa nyasi, hivyo kwamba anayetazama kutoka juu huona konde la majani lililochorwa mistari membamba. Mistari hiyo ni nyufa za vioo zinazoingiza nuru ndani. Chini ya paa kuna birika la nyuzi 42 na jingine la nyuzi 14, na mwogaji hupita gizagiza kutoka moto kwenda baridi kana kwamba anatembea katika pango.

Mgogo au Mwiraqw wa zamani asingeshangaa sana. Tembe lenye paa la udongo, lililochimbwa ubavuni mwa kilima hata mpita njia asilione, lilijengwa Mbulu kabla ya vyuo vya usanifu majengo kufika Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba elimu ile ile, inapotoka Ulaya, hupewa tuzo, na inapotoka Mbulu huitwa unyonge.

Hata hivyo isisemwe kwamba hamamu ya Vals haina gharama kwa maumbile. Maji yanayotoka ardhini na nyuzi 30 hayafiki 42 pasipo kuchemshwa, na wageni wanaosafiri kutoka miji ya mbali hawaji kwa miguu. Sifa yake ni kwamba haikuongeza juu ya hayo uharibifu wa kupasua bonde, wala haikuutupa ustadi wa watu wa hapo.

Kijiji kilifanikiwa kupita kiasi cha matumaini yake. Mwaka 1998, miaka miwili tu baada ya kufunguliwa, hamamu iliwekwa chini ya hifadhi ya sheria kama mnara wa kumbukumbu. Mwaka 2009 Zumthor alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani yake. Na mafanikio yalipokomaa, wanunuzi walikuja. Kiwanda kinachotia chupani maji ya kunywa ya Vals kilikuwa kimekwisha nunuliwa na Coca-Cola mwaka 2002. Mwaka 2012 wanakijiji walipiga kura kuiuza hoteli pamoja na hamamu. Zumthor mwenyewe alikuwa katika kundi lililotaka kununua ili kazi iendelee kama ilivyoanza. Kura ikamwangukia mfanyabiashara tajiri, mzaliwa wa bonde hilo. Miaka mitatu baadaye ulitangazwa mpango wa kusimamisha hapo mnara wa hoteli wa mita 381, mrefu zaidi ya mara mbili ya minara mirefu ya Dar es Salaam, katika kijiji ambacho jengo lake bora lilijizika ardhini ili lisionekane. Mnara huo haujajengwa. Lakini hata kuuwaza kwatosha kuonyesha kwamba sheria ya hifadhi hulinda mawe, haimlindi mwenye mawe.

Kura ile ilikuwa halali, na hapana aliyewashurutisha. Ndiyo maana habari hii yawahusu watumishi wa serikali na walimu nchini Tanzania, ambako chemchemi za maji moto zinabubujika Songwe, Utete na Amboni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Aghalabu anayeufafanulia mkutano huo michoro na mikataba ni ofisa wa wilaya, na anayeisoma kwa sauti ni mwalimu. Michoro mizuri itakuja, yenye nyasi juu ya paa na mawe ya kienyeji. Ofisa na auulize mchoro: jiwe litachimbwa wapi na nani atalipwa kulikata, maji yaliyokwisha ogewa yatakwenda wapi, na baada ya miaka 30 chemchemi itakuwa ya nani. Wanakijiji wa Vals waliwekewa swali hilo la tatu mwaka 2012, miaka 16 baada ya kufungua hamamu yao, wanunuzi wakiwa wamekwisha fika mlangoni.