Clare Short hakuwa malaika wetu

Nimepotea kidogo, si mnajua wiki za testi zinavyokuwa. Posti ya maisha ya hosteli naidaiwa, itakuja. Leo acheni kwanza nitoe dukuduku.

Kwenye semina ya DS wiki hii ameibuka tena yule mama wa Kiingereza, Clare Short, na kila aliyesimama alikuwa anamsifia. Eti ndiye mzungu pekee serikalini kwao aliyetutetea kwenye sakata la rada. Dakika zikaisha kabla sijapata nafasi ya kusema, kwa hiyo nasemea hapa: mama yule alisema kweli, lakini kusema kweli huku umekalia kiti hakutoshi. Na sisi walimu watarajiwa tukiendelea kumfanya malaika, tutawafundisha watoto somo baya.

Tuanze na haki yake, nisije nikaambiwa nina chuki. Clare Short alizaliwa Birmingham mwaka 1946, familia yake ni Wakatoliki wa Kiayalandi wenye asili ya Armagh. Aliingia bungeni 1983 kwa tiketi ya Labour. Chama chao kilipokuwa upinzani alijiuzulu nafasi za mbele mara mbili: 1988 kwa ajili ya sheria ya ugaidi, na tena wakati wa vita ya kwanza ya Ghuba. Labour waliposhinda 1997 akawa waziri wa kwanza wa wizara mpya ya maendeleo ya kimataifa, ile DFID ambayo 2020 waliivunja na kuirudisha Mambo ya Nje. Chini yake Uingereza iliacha mtindo wa kukupa msaada kwa sharti kwamba ukanunue kwao, na sheria yao ya 2002 ikasema msaada ni wa kupunguza umaskini. Hayo ni mazuri, sibishi.

Sasa njoo kwenye rada. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa madeni kama nchi maskini yenye mzigo mkubwa. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, MMEM ikawa inakuja, watoto wanamiminika madarasani. Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya msamaha, serikali ya Tony Blair ikatoa kibali kampuni ya BAE ituuzie rada ya pauni milioni 28. Kwa mkopo! Clare Short alipinga, Gordon Brown aliyekuwa waziri wa fedha naye alipinga. Blair akataka biashara iende, ikaenda. Baadaye wataalamu wa ICAO walioombwa na Benki ya Dunia wakasema mtambo ule ni ghali mno na haufai vizuri kwa ndege za kiraia.

Swali langu ni hili: baada ya kushindwa, mama alifanya nini? Alibaki. Mtu aliyejiuzulu mara mbili akiwa upinzani, ambako hakuna gari la uwaziri la kurudisha, safari hii alibaki. Akazuia kwa muda pauni milioni 10 za msaada kwa Tanzania. Hebu fikirini, BAE iliumia nini hapo? Na wakubwa wetu waliosaini, waliumia nini? Msaada wa bajeti ukizuiwa, anayebanwa ni zahanati na darasa la kwanza lenye watoto wamekaa chini. Fimbo ilikwenda kwa mtoto, mwizi akaendelea na chai.

Msidhani ni bahati mbaya ya mara moja. Machi 2003 alisema hadharani kwamba Blair anacheza na hatari kuhusu Iraq, akatishia kuondoka. Robin Cook, waziri mwenzake, aliondoka kweli tarehe 17 Machi. Kesho yake mama akapiga kura ya kuunga mkono vita. Alijiuzulu Mei 12, Baghdad imeshaanguka. Yaani mlango aliupita, ila nyumba ilikuwa imeshaungua.

Na kuna barua ya Novemba 1997 kwa waziri wa kilimo wa Zimbabwe. Humo aliandika kwamba Uingereza haikubali kuwa na wajibu maalumu wa kugharamia ununuzi wa ardhi, na kwamba yeye asili yake ni Ayalandi, nao walitawaliwa, hawakutawala. Jamani! Mtu anaongea kwa muhuri wa serikali ya Malkia, halafu deni likitajwa anakumbuka ukoo wa babu. Mugabe alikuja kuharibu mengi kwa mikono yake mwenyewe, hilo simtetei. Lakini barua ile ilimpa kisingizio cha bure.

Kuna watakaosema, "sasa ulitaka afanye nini, mtu mmoja?" Nilitaka afanye Desemba 2001 kile alichofanya Mei 2003. Waziri akitoka kwa sababu ya rada ya nchi maskini, magazeti ya London yangeandika wiki nzima. Hata kama kibali kisingefutwa, BAE wangejua kuna bei.

Wengine watasema nawaachia wa nyumbani. Hapana, wa nyumbani ndo wa kwanza. Blair hakutulazimisha kununua. Serikali yetu ilitetea ununuzi ule, na aliyehoji akaonekana anaingilia uhuru wa nchi. 2008 waziri mmoja alijiuzulu baada ya habari za akaunti yake ya zaidi ya dola milioni moja huko Jersey, akaziita vijisenti. Alikana kwamba zinahusiana na rada, na kwa rada hakushtakiwa. Desemba 2010 BAE wenyewe walikiri mahakamani kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu, kuhusu zaidi ya dola milioni 12 zilizolipwa kwa wakala. Faini pauni laki 5. Pauni milioni 29.5 zikaja kwetu kwa ajili ya elimu: vitabu na madawati. Ndiyo "chenji ya rada" tuliyoshangilia.

Sasa pigeni hesabu ya mwalimu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2002 alimaliza la saba 2008. Makubaliano ya kutumia chenji yalisainiwa 2012. Kizazi kizima cha MMEM kilisoma kwa kubanana, kikatoka, ndipo dawati likafika. Chenji gani hiyo?

Short alihama kundi la Labour bungeni 2006, akaondoka Bunge 2010, na 2011 hadi 2016 akaongoza EITI, mpango wa uwazi wa mapato ya madini na mafuta. Heri. Lakini siku mkisimama mbele ya darasa la uraia, msiwafundishe watoto kutafuta waziri mwenye huruma huko Ulaya. Wafundisheni kuuliza: nani alisaini, lini, na aliyejua kwamba ni kosa alifanya nini siku hiyohiyo? Wakizoea swali hilo, hata mbunge wao ataliogopa.

Nimemaliza. Mnaobisha, uwanja ni wenu, ila njooni na hoja, siyo matusi. Tupo pamoja.