Utulivu Mnaouuza Ni Boti Ambayo Haijafika

Matangazo ya matembezi ya boti katika Ziwa Tanganyika yana maneno yasiyobadilika: utulivu, upweke, mbali na kelele za jiji. Picha nayo ni ileile. Boti moja juu ya maji ya buluu, nyuma yake milima ya Ufipa, na mtu amenyoosha miguu huku simu yake ikiwa haina mtandao. Unaambiwa kwamba ukitoka Dar es Salaam, ukapita Mbeya na Tunduma, ukafika Sumbawanga, kisha ukateremka Kipili au Kasanga, utakuwa mahali ambapo hakuna anayekudai chochote.

Sina ugomvi na uchovu wa jiji. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri Mbagala ili awahi kazini Posta, akarudi nyumbani saa tatu usiku, ana haki ya kukaa juu ya maji wiki nzima bila kusemeshwa. Ugomvi wangu ni na hilo neno utulivu. Linauzwa kana kwamba ni zao la ziwa lenyewe, kama dagaa au mgebuka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utulivu wa mwambao ule imetokana na huduma ambazo hazikufika, na anayeulipia ni mwenyeji.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Katikati ni ukingo wa Bonde la Ufa, mteremko wa karibu kilometa moja kwenda chini. Lami imeteremka hadi Kasanga, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vijiji vingi vya mwambao wa Nkasi na Kalambo vimebanwa kati ya mlima na maji, na mvua zinapokolea, njia ya kupanda uwandani huwa ni tope na mawe. Kwa watu hao ziwa ndiyo barabara kuu. Ndiyo njia ya kwenda sokoni, ya kumfikisha mgonjwa hospitali, ya kupeleka msiba na kurudisha harusi.

Barabara hiyo iliwahi kuwa na basi lake. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuzinduliwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isije ikatekwa, lakini kwanza waliipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Chombo cha vita kikageuka kuwa chombo cha raia, kikaenda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, kikipita Kirando, Kipili, Wampembe na Kasanga. Mwaka 1997 kilirudisha wakimbizi kwao Kongo. Wajukuu walipanda meli ileile waliyoipanda babu zao.

Katika miaka ya karibuni Liemba imekaa muda mrefu bila safari, ikisubiri matengenezo. Mgeni anayefika wakati huo na kuona maji matupu hadi upeo wa macho husema, "Ajabu, pametulia kweli." Mwenyeji aliyeketi ufukweni na magunia yake matatu anayatazama maji hayohayo akijiuliza leo atapanda boti ya nani.

Atapanda boti ya mbao yenye injini ya kuning'iniza nyuma. Humo watakaa watu, mahindi, mafuta ya taa, kuku na godoro. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini hulivuruga ziwa hili vibaya, na kina chake hufika mita 1,470. Hapa duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Miezi hiyo ya upepo ndiyo ya kiangazi, anga likiwa safi, na ndiyo wageni wanayoipenda. Boti ya matembezi huondoka ikiwa na jaketi okozi kwa kila abiria, na nahodha akiona mawimbi yamechafuka anaahirisha hadi kesho. Mama mwenye uchungu wa uzazi hana kesho ya kuahirishia.

Nitajibiwa kwamba utalii unaleta fedha. Unaleta. Vijana wanapata kazi za jikoni, ulinzi na uendeshaji boti. Sipingi hata shilingi moja ya hiyo. Ninachopinga ni mpangilio wa foleni. Mahali ambapo boti ya starehe ina gati safi na ya abiria inapakiwa watu wakiwa wamezama hadi kiunoni, tumeshaamua nani ni mtu na nani ni sehemu ya mandhari.

Tena mapumziko hayaji bure popote, na ziwa hili linatufundisha hilo. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike na kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi zinalolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sababu ilikuwa ya msingi. Samaki walikuwa wamepungua. Lakini samaki walipopumzika, kuna waliolipia: mvuvi aliyetundika nyavu, mama aliyekuwa akianika dagaa mchangani, mchuuzi aliyepandisha madumu yake Sumbawanga. Kila mtu alijua gharama hiyo na ilijadiliwa waziwazi. Kwa nini basi mapumziko ya mgeni yasijadiliwe hivyo hivyo?

Wapo watakaosema ukweli wao wote: meli zikirudi, magati yakijengwa, boti zikiongezeka, ule utulivu utakwisha na wageni hawatakuja. Hoja hii naiheshimu kwa sababu inakiri ninachokisema. Kama utulivu wako utakwisha siku wenyeji watakapopata usafiri, basi ulikuwa umeukodi kutoka kwenye shida yao.

Na hata kama biashara, hoja hiyo ni dhaifu. Wasafiri waliotoka mbali wakaipenda Liemba waliipendea kelele zake. Honi ikilia usiku kijiji kizima kinaamka. Mitumbwi inaizunguka meli, watu wanapandia ubavuni huku wakipokezana watoto na mizigo, wauza samaki na ugali wananadi gizani, mtu anamwita shangazi yake kwa sauti asipitilize kituo. Huo ndio uliokuwa uzuri wa ziwa, na mgeni aliupata kwa sababu alipanda chombo kimoja na wenyeji.

Kwa hiyo anayetaka kuikimbia Dar aje, karibu Ufipa, tutamkaribisha ugali na mgebuka. Ila kabla hajalipia, amuulize mwenye boti: watu wa kijiji hiki wanapandia wapi? Wana jaketi ngapi? Meli yao itarudi lini? Na halmashauri zinazotoa vibali ziulize hayo hayo: anayejenga gati la wageni aruhusu boti ya abiria nayo ifunge hapo. Gati moja, abiria wote.

Na siku honi ya meli itakapolia Kipili saa nane za usiku ikamtoa mgeni usingizini, asiende mapokezi kulalamika. Atoke nje aone watu wanavyokwenda.